"Karibu Tena" Iliyofika Matangani

Mheshimiwa Mwakilishi wa Wadi. Mchungaji Kiptanui uliyetufungulia kwa maombi. Meneja wa benki pamoja na maofisa wako. Mwenyekiti wa wafanyabiashara wadogo wa Bungoma. Wageni wetu kutoka Kitale, Kimilili na Malakisi. Wazee, akina mama, na nyinyi vijana mliosimama karibu na sufuria kana kwamba mmeajiriwa kuzilinda: Bwana asifiwe! Sijasikia. Bwana asifiwe! Na kwa wenyeji wangu, mulembe.

Mshereheshaji amenitambulisha kwa jina la Mama Vifaranga, na sikatai. Jina nililopewa na wazazi ni Tabby Waruguru, nakaa Tuwan, Kitale, na kazi yangu ni kutotoa vifaranga kwa mashine na kuviuza. Vingi vinakuja huku kwenu, kwa sababu sisi kule kuku tunamla tu, lakini nyinyi mnamheshimu. Mgeni akitoka kwenu bila kuchinjiwa kuku, hiyo ni kesi ya ukoo mzima. Nimeombwa niseme machache kabla ya utepe kukatwa. Mheshimiwa, naona umeangalia saa. Kaa tu, kuku mwenyewe bado yuko motoni.

Asubuhi niliposhuka hapo mlangoni, kijana wa boda aliyenileta aliniuliza, "Mama, si hii ni ofisi mpya? Hapa mtauza nini?" Nikamwambia hatuuzi kitu. Mwenye kibanda, mwenye saluni, mwenye kinu cha kusaga unga, atakuja hapa na akaunti yake ya benki, nasi tutaiunganisha na programu ya uhasibu, ili kila pesa inayoingia au kutoka ijiandike yenyewe katika hesabu za biashara yake. Akazima pikipiki. "Ati ijiandike? Nani anaiandika?" Ndugu zangu, nilikaribia kumkumbatia, maana swali hilo hilo ndilo lililoninyima raha mimi kwa muda mrefu.

Mwenye jibu ni huyu hapa, Emmy Nanyama, mzaliwa wa Kimilili, ambaye kazi yake ni kuandika misimbo ya kompyuta. Simama, Emmy. Simama vizuri, watu wakuone. Siku ya kwanza alipokuja Tuwan na begi mgongoni nilidhani ni mtu wa bima, nikamwambia mwenye duka hayupo. Akasema, "Sawa mama, nitamngoja," akakaa. Akanitazama nikiuza mpaka nikaona haya, nikakubali kwamba nipo.

Alitaka niunganishe akaunti yangu na programu yake, nami nikamuuliza maswali hadi chai ikapoa. Programu inaingiaje benki? Ina ufunguo? Nani ameutoa? Akanieleza kwamba benki ina kidirisha maalumu. Msimbo wake unabisha hapo, unaonyesha kibali nilichotoa mimi mwenyewe, benki inakikagua, kisha inauruhusu utazame yaliyopita katika akaunti. "Utazame tu?" Utazame tu. "Na ukitaka kuchomoa kidogo?" Benki inakataa. "Na siku nikikosana na wewe?" Akacheka. "Unafuta kibali chako, mama, na kidirisha kinafungwa hata kama mimi nimenuna."

Hapo nikamwelewa, kwa sababu hiyo ni kazi yangu. Sisi watotoaji, yai likishakaa kwenye mashine siku kadhaa, tunaliinua gizani na kulimulika kwa tochi. Unaiona mishipa, unajua kuna uhai, na ganda hujaligusa. Nikamwambia Emmy, "Kumbe unamulika akaunti!" Akaandika neno hilo, na tangu siku hiyo huwa analitumia kuwaelezea wafanyabiashara bila kunilipa chochote.

Lakini tochi ina mipaka yake. Inaonyesha kuna kifaranga, haikwambii ni jogoo au ni tembe. Shikeni hilo, mbele litatufaa.

Benki ilimpa Emmy kwanza akaunti za majaribio, zenye pesa za kuigiza na wateja wa kuigiza, ili afanye makosa yake huko. Nikamwomba nione wateja hao. Jamani! Watu safi ajabu! Kila mmoja analipa kwa jina lake kamili, na pale pa maelezo anaeleza amelipia nini. Nikamwambia, "Emmy, hawa si watu wa Bungoma. Na Kitale hawajawahi kufika." Kwetu sisi mtu analipa kwa simu ya shemeji yake, na pale pa maelezo anaandika "ni mimi". Ni wewe nani? Wengine huandika "Mungu ni mwema". Ni kweli, lakini ananunua kuku wa mayai au wa nyama?

Basi tukapatana sheria iliyoonekana kuwa na akili. Pesa ikitoka kwenye nambari ya simu ya mteja tunayemjua, programu iiandike kuwa mauzo, na imtumie mteja ujumbe wa shukrani. Maneno yake tuliyatunga pamoja: "Asante kwa kununua vifaranga kwa Mama Tabby. Karibu tena." Watu walifurahi sana. Wengine walijibu, "Na wewe mama ubarikiwe, pumzika sasa," wakidhani nimekaa mahali nawaandikia mmoja mmoja.

Mambo yalikuwa hivyo Wanjala alipofariki mwaka jana.

Wengi hapa mlimjua. Kwa wasiomjua, Wanjala wa Malakisi alikuwa wakala wangu. Alipokea makatoni ya vifaranga stendi, akavinywesha maji kabla yeye mwenyewe hajanywa, akavipeleka kwa wenyewe. Aliugua kwa muda mfupi mno, akatuacha. Kamati ya mazishi ilipokaa, ilihitaji nambari ya kupokelea michango, na mnajua desturi yetu: haitafutwi nambari mpya, inatafutwa ile ambayo kila mtu tayari anayo. Nambari ya malipo ya duka langu ilikuwa kwenye simu za nusu ya Malakisi. Mjane wake, Rosaline, ndiye aliyesema, "Watume kwa Mama Tabby. Kwake hakuna kitu kitapotea." Nilimshukuru kwa kuniamini namna hiyo.

Sasa fikirini pamoja nami. Waliochangia msiba wa Wanjala walikuwa nani? Walikuwa watu aliowauzia vifaranga! Nambari zao programu ilikuwa inazijua zote. Mtu amejinyima, ametuma chake cha jeneza, macho bado yana machozi, simu inalia: "Asante kwa kununua vifaranga kwa Mama Tabby. Karibu tena."

Karibu tena! Kwenye msiba!

Wekoye, kaka yake marehemu, ndiye aliyenipigia. Wekoye, usiiname, hukukosea. Aliniuliza kwa sauti ya chini, na heri angenifokea: "Mama Tabby, ndugu yangu amelala mochari, na wewe umemwandika kifaranga?" Kufikia jioni hiyo michango ilikuwa imekauka kabisa. Mazishi yalikuwa yametangazwa ni Jumamosi ya juma lililofuata, na maneno yalikuwa yamefika mbali kuliko matangazo: ati mama wa Kitale ameifanya pesa ya matanga kuwa mauzo ya duka. Na mnajua ni maneno ya aina gani huongezwa mtu aliyetoka kwingine akishika mfuko wa msiba wa wenyeji. Sitayarudia mbele ya Mchungaji. Niliogopa. Niliogopa Rosaline angemzika mumewe kwa aibu, na aibu yenyewe iwe imetoka kwangu.

Emmy angeweza kuzima simu yake. Ni wangapi wangefanya hivyo? Yeye alinipigia akasema, "Mama, tuende Malakisi." Tukafika Jumapili, watu wametoka kanisani, uwanja umejaa, na hakuna aliyetuletea viti. Bungoma, nyinyi mkimnyima mtu kiti, huyo mtu amekwisha.

Emmy akasimama katikati, akatoa kompyuta yake kwenye begi, akamwendea Wekoye kwa heshima, akampa kwa mikono miwili. "Baba, programu yenyewe ndiyo hii. Watu wanasema imekula mchango. Naomba uijaribu. Toa shilingi moja tu uniwekee mimi kwa simu yangu."

Wekoye akabonyeza hapa, akabonyeza pale. Watu wakasogea. Mama mmoja akamwelekeza, "Si ubonyeze ile ya kijani!" Akabonyeza ya kijani. Ikamwonyesha michango yote, jina kwa jina, pamoja na mchango wake mwenyewe, na haikutoa hata senti. Kila alipoulizia njia ya kutoa pesa, hakuna. Akanyanyua uso akasema, "Hii kitu iko na macho, lakini haina mkono." Ndivyo Emmy alivyokuwa akijaribu kunieleza tangu ile chai ya kwanza, na mzee alikuwa amejionea mwenyewe kwa kidole chake.

"Kwa hivyo pesa iko?" akauliza mtu. Iko. Nikamkabidhi mweka hazina hapo hapo, mbele ya wote. "Sasa mbona ilisema karibu tena?" akauliza mwingine. Na hapo Emmy hakusingizia benki, hakusingizia mtandao, wala hakuwaambia wazee kwamba akaunti ya biashara ni ya biashara. Alisema, "Kwa sababu iliwatambua nyinyi, lakini haikujua mnalia. Na mimi sikuifundisha kuuliza."

Wekoye mwenyewe akasimama kutangaza kwamba michango iendelee, kwa nambari ile ile. Jumamosi tukamzika Wanjala, kwa heshima yake yote.

Lakini kabla hatujaondoka siku ile, Rosaline alituita kando. Nayasema haya kwa ruhusa yake. Alituambia, "Pesa nimeiona, na nyinyi nawaamini. Lakini hiyo mashine isimwandikie mtu tena kuhusu bwana yangu. Hata pole. Hata samahani. Mpaka niseme mimi." Tulikuwa tumeshaandaa ujumbe wa kuomba radhi, Emmy alikuwa ameutunga vizuri. Tukaufuta, tukanyamaza, na wale waliopokea "karibu tena" wamebaki nayo kwenye simu zao hadi leo.

Baada ya hapo Emmy akaanza kuzunguka. Alipita sokoni Kimilili, akapita Tuwan, akapita hapa mjini, akiwauliza wafanyabiashara wenye akaunti kama yangu kuhusu pesa zilizoingia: "Hii ni nini?" Wengine walimfukuza, wakidhani ametumwa na watu wa ushuru. Waliojibu walimshangaza. Fundi cherehani ana pesa ya chama cha kuweka akiba. Mwenye duka la dawa za mifugo ameshikia kanisa pesa ya mabati. Mama wa mboga ana karo ya mtoto wa jirani, kwa sababu baba wa huyo mtoto pesa ikikaa kwake hailali. Sisi watu hatujawahi kuwa na akaunti ya mtu mmoja! Meneja, nilikuuliza wewe kama benki ina jina la pesa ya namna hiyo, ukasema utauliza Nairobi. Bado tunangoja, na chai unayokunywa ni yetu.

Emmy hakungoja Nairobi. Aliurudia msimbo wake. Leo programu ikiona pesa ambayo haina hakika nayo, haiandiki kitu wala haimshukuru mtu. Inamuuliza mwenye akaunti: "Hii ni nini?" Na unabonyeza jibu. Ni mauzo. Ni yangu binafsi. Au, na hili sijaliona katika programu nyingine yoyote: si yangu, nimeshikia watu. Ukibonyeza hilo, pesa inakaa kando, haihesabiwi faida, na hakuna anayeambiwa karibu tena. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, ila sikujua kwamba hata mashine yaweza kufundishwa adabu hiyo. Bado nina maswali, Emmy. Je, siku moja itajua yenyewe bila kuuliza? Umewahi kuniambia kwamba hata ikiweza, ungependa iendelee kuuliza. Bado nalifikiria jibu hilo, na sijalimaliza.

Mheshimiwa, nakaribia mkasi wako. Rosaline alichukua kazi ya mumewe. Ndiye wakala wangu Malakisi sasa, ana duka lake na akaunti kwa jina lake, na akaunti ya kwanza kuunganishwa katika ofisi hii leo ni yake. Juzi alimwendea Emmy akamwambia, "Sasa nimesema." Majina ya waliomchangia Wanjala yalikuwa yamehifadhiwa yote, chini ya lile jibu la tatu, yakimngoja yeye. Emmy akamuuliza aandike nini. Rosaline akayasema maneno yake, nasi hatukuongeza hata nukta.

Nawashukuru benki kwa kidirisha. Namshukuru Mchungaji kwa maombi, kamati kwa chakula, na wewe Wekoye kwa kidole chako. Asante, Emmy, kwa kwenda Malakisi siku ambayo hakukuwa na kiti. Rosaline, dada yangu, tuendelee? Ameitikia.

Emmy, bonyeza.

Msizime simu, tafadhali, hata wewe Mchungaji. Maneno ni haya: "Mchango wako ulifika. Tulimzika Wanjala vizuri. Ni mimi, Rosaline."

Naona Wekoye ameshashika mfuko wa shati, simu yake imelia. Asanteni kwa kunisikiliza mimi. Sasa msikilizeni Rosaline.