Mwalimu Kumi na Saba, Aliyetaka Apigiwe Kelele

Ndugu, majirani na nyote mlioacha shughuli zenu: marehemu tunayemsindikiza alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, kwenye nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kituo cha mafuta. Baba alikuwa dereva wa lori, mama mshonaji. Alikuwa mtoto wa pili kati ya watatu. Wa kwanza ni dada yao mkubwa, yule pale mwenye miwani anayemkazia macho msomaji. Wa mwisho ni huyu anayesoma, ambaye kwa sura na kwa mpira alimwacha marehemu mbali sana. Marehemu alilijua hilo, ila hakuwahi kulikubali, na leo hawezi kubisha.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1968 na kumaliza sekondari mwaka 1979. Hakuwa wa kwanza, wala hakuwa wa mwisho. Wa mwisho walikuwepo wenyewe, na mmoja wao aliishia darasa la sita, ndiye mnayemsikia. Baada ya hapo marehemu akapelekwa gereji kujifunza. Siku ya kwanza fundi mkuu yuko chini ya gari, kanyoosha mkono tu:

"Nipe kumi."

Akampa spana ya kumi na saba.

"Kumi, kijana. Haya, nipe kumi na mbili."

Akampa ile ile. Fundi akatoka chini, uso mzima oili. "We, hii spana umeioa?"

Jina la Kumi na Saba likaganda hapo hapo, na hata mama yao mzazi akaishia kumwita hivyo. Mwaka 1982 akaingia chuo cha ufundi, akatoka na cheti cha magari mwaka 1984.

Alifunga ndoa tarehe 14 Desemba 1988 na karani wa ofisi ya posta. Walianza vibaya. Alimfuata dirishani, akamwambia kwa uso mkavu kwamba gereji ile ya barabarani ni yake. Yule dada wa posta hakungoja amalize. "Uongo!" Foleni nzima ikageuka. Kumi na Saba akarudi nyumbani anacheka peke yake, akamwambia mdogo wake, "Nimempata. Huyu hatanisubiri nimalize kudanganya." Mungu akawapa watoto watatu.

Na hapo ndipo alipopata namna yake ya kufundisha, maana mwaka 1991 aliajiriwa na chuo kile kile kilichompa cheti. Waliopita mikononi mwake mnajua. Anasimama mbele ya injini, anakohoa, kisha anasema jambo la hatari kama anasoma taarifa ya habari: "Gari likichemka, usipoteze muda. Fungua boneti, fungua mfuniko wa rejeta hapo hapo, injini ipumue." Darasa zima: "Uongooo!" Yeye ananyamaza. Haelezi. Mpaka mwanafunzi mmoja asimame aeleze kwamba yale maji yamefungiwa humo na moto wake, yatakurukia. Kwamba usubiri injini ipoe, ushike kitambaa, ufungue polepole. Akieleza vizuri, mwalimu anaitikia kwa kichwa na kwenda mbele. Alikuwa akisema mtu husahau alichoambiwa, ila hasahau alichokipigia kelele.

Alistaafu Machi 2021, chuo kikamwomba abaki kwa mkataba. Na sasa tunafika kwenye mwaka 2024, ambao dada mkubwa alitaka urukwe. Alisema, "Mtu anazikwa, hashitakiwi." Ni kweli, dada. Lakini utasikia ni nani aliyeagiza.

Chuo kilikuwa na wanafunzi wanaofanya kazi mchana na hawawezi kukaa darasani. Mkuu wa chuo, mama mwenye subira, akachukua vitabu vya magari vilivyoshikiliwa na gundi, akachukua na vipindi vya Kumi na Saba vilivyokuwa vimerekodiwa miaka yote kwa simu iliyolala mezani kwake, akaiachia akili mnemba, hii ambayo wengine mnaiita akili bandia. Mashine ikavikatakata vikawa masomo mafupi ya kusikiliza kwenye simu, kila somo na picha zake na maswali yake mwishoni. Vitabu vilitoka salama. Kwenye vipindi, mashine ilisafisha kelele. Na kelele za nyuma, zile za mbali na simu, zilikuwa ni wanafunzi. "Uongo" wote ukasafishwa, na maelezo yao yakaenda nao. Ikabaki sauti ya mwalimu peke yake, nzuri, tulivu, inasema fungua mfuniko.

Mkuu alimwambia mapema: "Mwalimu, sikiliza yote kabla sijawatumia. Hii mashine haijawahi kushika spana."

"Mkuu, si maneno yangu mwenyewe? Nikae nijisikilize kama bibi harusi mbele ya kioo?"

"Sikiliza, Mwalimu."

"Sawa, sawa."

Jumapili akakusanya familia sebuleni, akafungua somo la kubadilisha oili. Alifurahi mpaka akasimama. "Sikieni! Nimekuwa redio!" Mdogo wake akamwambia, "Kaka, imekupunguzia kikohozi. Ingekupunguzia na majivuno tungeinunua." Akasikiliza somo hilo lote na nusu ya lililofuata, halafu chakula kikaletwa. Jumatatu akamwambia mkuu: "Nimesikiliza yote. Safi kabisa."

Kulikuwa na binti wa mwaka wa kwanza aliyeuza kwenye duka la vifaa vya shule mchana, akasoma kwa simu jioni. Walimwita Kimya kwa sababu haongei. Hakuwahi kukaa darasani kwa Kumi na Saba, hivyo hakujua kwamba pale kuna kelele. Gari la mjomba wake likachemka barabarani. Kimya akashuka, akafanya kama mwalimu alivyosema. Maji yalimuunguza mkono wa kulia mpaka kwenye kiwiko, na shingo upande mmoja. Na swali la somo lile alikuwa amelijibu wiki moja kabla. Simu ilimwambia: Hongera.

Kumi na Saba alikwenda hospitali na mfuko wa machungwa. Mama wa binti alikuwa amekaa kitandani, ameshika mguu wa mwanawe kwa sababu mkono haukushikika. Hakupiga kelele. Aliuliza tu: "Mwalimu, haya masomo kabla hayajatolewa, uliyasikiliza?"

"Niliyasikiliza yote, mama. Ni hii mashine. Imenigeuka."

Alisema kwa uso mkavu, ule ule wa darasani. Baadaye alimwambia mke wake kwamba baada ya kusema vile alisimama pale anangoja. Anangoja mtu mmoja wodini aseme uongo. Hakusema mtu. Akaweka machungwa chini, akatoka.

Jamani, aibu ni kitu. Mtu yule ambaye hamkuweza kumnyamazisha hata msibani, alinyamaza. Alitundika ovaroli nyuma ya mlango. Akawa anazunguka nyuma ya soko ili asipite mbele ya geti la chuo. Jirani akaleta gari lisilowaka, akaambiwa spana zimepotea, na spana zipo chini ya kiti alichokalia. Akila anaangalia sahani. Mdogo wake akaja na utani wake wote, akaondoka nao wote.

Siku moja mke wake akamuuliza, "Unaumwa?"

"Siumwi."

"Uongo."

Mzee akalia. Ameshika meza kwa mikono miwili, analia, anaeleza: somo moja na nusu, Jumatatu, hospitali. Mke wake akasikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia, "Sasa unanieleza mimi? Mimi nimeungua wapi?"

Akaenda. Mama wa Kimya alimfungulia mlango lakini hakumpa kiti. Akasema akiwa amesimama: "Mama, sikusikiliza. Mashine ilikosea, lakini mimi ndiye niliyewekwa niikamate, na sikuikamata. Halafu nikakudanganya mbele ya mkono wa mwanao." Mama akamjibu, "Nilijua tangu siku ile. Nilitaka kuona utachukua muda gani." Akafunga mlango. Kutoka hapo akaenda kwa mkuu, akarudia maneno yale yale. Masomo yalikuwa yameshaondolewa.

Aliyemrudisha kazini ni Kimya mwenyewe. Mkono ukiwa bado na bandeji, alikuja nyumbani, akasema sentensi ndefu kuliko zote tulizowahi kumsikia: "Mwalimu, nataka kulisikia lile darasa lenyewe, na kelele zake." Wakakaa sebuleni miezi kadhaa, wanasikiliza rekodi zote toka mwanzo. Kila alipodanganya, mzee anasimamisha: "Hapo nimedanganya." Kimya anaiambia mashine. Siku hizi masomo yale ukiyafungua, unasikia mwalimu, unasikia darasa linapiga kelele, halafu unaulizwa: kweli au uongo, na kwa nini? Hakuna somo linalotolewa kabla watu wawili hawajalisikiliza mpaka mwisho. Yanasifiwa sana. Lakini kila aliposifiwa mbele ya Kimya, Kumi na Saba aliangalia ule mkono, kisha akaangalia chini. Kovu halikutoka, na yeye hakutegemea litoke.

Figo zilianza kumsumbua Februari 2025. Alisafishwa damu mpaka mwili ukachoka, akalazwa tarehe 2 Septemba, wodi ya wanaume, ghorofa ya pili. Saa ya kuona wagonjwa alimwita mdogo wake karibu.

"Wasifu wangu utaandika wewe. Dada ataniremba."

"Mimi wa darasa la sita?"

"Ndiyo maana. Hujui maneno ya kufichia. Weka mkono wa yule mtoto. Weka na nilichomwambia mama yake."

"Kaka, watu watasemaje?"

"Wakinisifia tu, nitakuwa nimewadanganya tena, na safari hii siwezi kurudi kuomba radhi."

Halafu akamgeukia Kimya, aliyekuwa amemletea uji. "Na wewe, siku hiyo ukisomwa, ndiye wa kuanza kupiga kelele."

"Mwalimu, mimi sina sauti."

"Utaipata."

Alifariki tarehe 11 Septemba 2025, saa tano asubuhi, mke wake akiwa amemshika mkono. Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, dada mkubwa, mdogo wake huyu mzuri wa sura, wanafunzi wasiohesabika, na Kimya, ambaye sasa anasaidia kufundisha kwenye karakana ya chuo kile kile. Mama yake Kimya naye yupo hapa. Leo amekaa, tumempa kiti cha mbele.

Marehemu aliagiza karatasi hii imalizike kwa jambo moja, lisomwe polepole, kwa uso mkavu, bila maelezo. Basi sikilizeni.

Mwalimu Kumi na Saba hakuwahi kukosea, hakumdanganya mtu, na hakumwachia mtoto wa mtu kovu.

Kimya, mwanangu, anza wewe; usingoje amalize kudanganya.

Apumzike mzee wetu. Leo amesikilizwa mpaka mwisho.