Dorcas Shigela, Aliyeamsha Mashine za Vizimbani

Juzi usiku simu ya marehemu ililia mara moja tu, na ujumbe ulitoka kwenye kompyuta ya vizimba vya samaki kule ziwani: sensa moja imegoma kuwaka, imewekwa pembeni, pampu za hewa zinaendelea. Hivyo ndivyo alivyoifundisha.

Dada yetu Dorcas alizaliwa tarehe 9 Mei 1984 hapa Igogo, mtoto wa kwanza wa marehemu mzee Shigela na mama Paskazia. Alimaliza sekondari mwaka 2002, akakaa nyumbani kwa muda ambao familia yetu imekuwa ikiuruka kila inapousimulia, kisha akaenda chuo kusomea kompyuta. Tarehe 18 Desemba 2010 alifunga ndoa na shemeji yetu Shimba, huko Nyakato, wakajaliwa Yeremia na Janet.

Mwaka 2016 aliajiriwa vizimbani, ambako sensa moja ikifa wakati kompyuta inawashwa, kompyuta nzima iliganda, pampu zikalala, samaki wakakosa hewa. Dorcas aliandika upya draiva, zile programu ndogo zinazoamsha kila kifaa, ili kifaa kikishindwa kuwaka, draiva yake iachie yote iliyoshika, iseme wazi kwamba imeshindwa, na vingine viendelee kuwaka. Wenzake walimtania, "Mama Yeremia, mashine zako zinaungama kuliko sisi!" naye akawajibu, "Inayogoma naivumilia, inayogoma ikasema ni nzima ndiyo inaniulia samaki."

Machi mwaka huu alianza kuugua figo, na alifariki alfajiri ya tarehe 6 Agosti. Akiwa kitandani alituomba jambo moja, kwamba leo, katika wasifu huu, asomwe pia kati ya watoto wake binti aliyemzaa mwaka 2003, ambaye sisi sote tumemtambulisha kwenu kama mdogo wetu wa mwisho. Binti alishaambiwa ukweli na mama yake, na ameridhia. Wazee walikataa, kikao kikavunjika, mpaka mama Paskazia aliposema, "Niliogopa watu, na watu wenyewe ndio hawa, wamekuja na unga na kuni. Someni."

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Igogo, wenzake wa vizimbani, na shemeji Shimba, aliyelijua hili tangu uchumba na hakuwahi kumsimanga.

Dada, amani iwe nawe, na kuanzia leo tunakuita kwa mtoto wako wa kwanza, Mama Ng'washi.