Tobias Ngollo, Katibu wa Chama cha Madume Bora

Waombolezaji wote mliofika hapa Ziba leo Jumamosi, tarehe 16 Agosti 1975, shikamooni wakubwa zangu, mnisamehe nikisoma mbio, mtoto yuko mgongoni, na karatasi hii alipaswa kuisoma baba mkubwa Marko, ila asubuhi amesema miwani yake haionekani.

Baba yetu, Tobias Ngollo, alizaliwa hapa hapa Ziba tarehe 3 Machi 1931, akasoma shule ya misheni hadi darasa la sita, mwaka 1950 akaajiriwa kwenye josho la ng'ombe akiwa msaidizi wa bwana mifugo, tarehe 20 Juni 1953 akafunga ndoa na mama yetu Pelagia, wakajaliwa watoto watano, wa kwanza ni mimi, Flavia.

Tarehe 9 Februari 1962, miezi miwili baada ya Uhuru, yeye na wafugaji kumi na mmoja walianzisha Chama cha Madume Bora, wakaenda kupokea madume mawili stesheni ya Tura, wakawaswaga kwa miguu siku tisa, kwa njia ya zamani ya misafara hadi Tabora, kisha kupanda huku, na tangu hapo dume alikaa mwezi mmoja kila boma, baba akiandika daftarini kila ndama na wazazi wake. Chamani ng'ombe aliitwa jina la aliyemtoa au kumlipia, kwa hiyo mle daftarini imeandikwa Lugembe kampanda Zamda, Lugembe kampanda Mwanamkuu, na babu Lugembe mwenyewe yupo hapa, anajua alivyotaniwa.

Mwezi Mei mwaka huu, tulipokwisha kuhamia kijiji cha Ujamaa, baba aliandika barua serikalini kuomba madume wasichanganywe na kundi la kijiji, mbegu isipotee, akatia sahihi, Katibu wa Chama, basi. Nchi hii ukisema Chama watu wanajua kimoja tu, aliyeisoma akauliza huyu kateuliwa na nani, baba akaitwa mjini, akalala siku tisa kwenye sakafu ya saruji, na aliyemhoji akafungua daftari akitaka kujua hawa Lugembe na Zamda hukutana wapi. Baba akajibu, "Malishoni, bwana, mchana kweupe," akaambiwa ana dharau. Akaeleza kwamba hao ni ng'ombe, akaomba wanachama waje kumshuhudia, wakaitwa, hakufika hata mmoja.

Alitoka na kifua kilichobana, akatibiwa, hakupata nafuu, akafariki Alhamisi, tarehe 14 Agosti, saa kumi alfajiri, nyumbani kwa wenyeji wake, Mzee Yahaya na Bi Amne, mtaa wa Chemchem huko mjini.

Jana imeletwa barua kutoka kwa hao waliomhoji, nimeombwa nisiitaje hapa, inasema wanachama wasipojitokeza kwa majina kufikia Jumatatu, itaandikwa kuwa baba aliunda chama cha siri, na madume watachukuliwa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, Mzee Yahaya na Bi Amne waliomuuguza kama ndugu, wenzake wa josho, majirani, na ninyi wanachama mliochimba kaburi tangu alfajiri. Ninaogopa, mume wangu pia anaogopa, ila jibu nimeshaliandika, jina langu liko mstari wa kwanza, chini yake nimeacha mistari kumi na mmoja, kalamu ninayo, nitakuwa mlangoni kwa mama mpaka jua lizame.

Pumzika kwa amani, baba, Jumatatu nakwenda mimi.