Uzi Mwekundu Kwenye Kifuniko

Akina mama, chamgei. Mmeitikia vizuri, ila pale nyuma nimesikia mmoja akiitikia kwa sauti ya chini, na tayari moyo wangu umeanza kuuliza ana nini nami. Mniwie radhi. Huo ndio ugonjwa niliosimama kuueleza.

Mnaniita mwalimu kwa mazoea. Chuoni nilisomea sanaa, na nilipoacha kufundisha niliamua kuishi kwa ubunifu wangu: kupamba vibuyu kwa shanga, kuvijaza mursik, maziwa yetu ya kugandisha, na kuviuza kwa familia zenye koito, pale wazazi wa kijana wanapokuja kuposa. Mama zetu walishona shanga kwenye mkanda wa ngozi unaozunguka kibuyu. Mimi nikauona mkanda huo ni wa kizamani. Nikatoboa kibuyu chenyewe kwa sindano nene ya fundi viatu, nikashonea shanga papo hapo, nikaziba matundu kwa gundi. Vilipendeza, ndugu zangu, sidanganyi. Watu walivipiga picha kabla hata ya kusalimiana.

Kazi ya ndani, yaani kusugua kibuyu kwa mkaa wa mti wa senetwet na kumimina maziwa, aliifanya wifi yangu, ambaye shamba lake la chai linapakana na langu. Kufunga nilifunga mwenyewe.

Ikaja koito moja huko Silibwet. Kwetu, aliyefunga kibuyu ndiye huonja kwanza. Siku hiyo sikuonja; nilikuwa natafuta mwanga mzuri wa kupigia picha. Bibi mmoja wa upande wa wageni akanywa funda, akageuka, akatema kando ya kiti.

"Haya ni maziwa," akauliza, "ama ni dawa ya ng'ombe?"

Nawaambia, neno lile halikunitoka kichwani. Nani ana dawa ya ng'ombe? Nani aligusa kibuyu kabla yangu? Nikakumbuka wifi aliwahi kusema kwamba sifa zote huenda kwa shanga. Nikakumbuka alivyocheka siku ile. Mwenye shuku hakosi ushahidi, akina mama. Huuokota hata kwenye kicheko.

Kesho yake nikamkuta kwenye kituo cha majani chai, amepanga foleni na kikapu chake. Mbele ya wanawake wote nikamshika mikono, nikainusa. Ilinuka dawa ya ng'ombe.

"Nimenyunyizia ng'ombe wangu asubuhi," akasema.

"Na vibuyu vyangu ulivinyunyizia lini?"

Akanitazama. "Mwalimu, kumbe huko chuoni mlisomea kunusa watu?"

Wanawake walicheka, naye hakucheka. Tangu hapo hakuvuka ua wetu.

Nikabaki na kazi yote. Nilisugua vibuyu, nikamimina maziwa, nikafungia stoo, ufunguo nikauvaa shingoni. Hata hivyo sikutulia. Nilizungushia kila kifuniko uzi mwekundu, nikaukaza kwa fundo ambalo ni mimi tu ninayelijua. Nikajisemea: sasa nitamkamata.

Siku ya kufungua ilipofika, uzi ulikuwa mzima. Fundo lilikuwa langu. Nikaonja. Maziwa yalikuwa na ladha ileile, chungu na kali.

Mnajua nilifikiri nini kwanza? Kwamba kuna mtu amejifunza fundo langu! Hadi hapo nilikuwa nimefika.

Kwa hasira nikamwaga maziwa, nikasuuza kibuyu, nikakielekeza dirishani na kuchungulia ndani kutafuta alichoweka adui. Ndani mlikuwa na nukta za mwanga, nyingine nyekundu, nyingine za samawati, kwa rangi za shanga. Maziwa yalikuwa yameilainisha gundi na kuinywa. Kila tundu nilikuwa nimelitoboa mimi. Uzi niliomtegea mwizi ukawa shahidi dhidi yangu.

Nilienda kwa wifi. Alikuwa anakama.

"Leo umekuja kunusa nini?"

"Nimekuja uninuse mimi," nikasema, nikamnyooshea mikono.

Akanusa bila haraka. "Gundi," akasema. Nikaanza kuomba msamaha, akaniinulia kiganja chenye povu la maziwa. "Ulininusa mbele ya watu. Usiniombe msamaha nyuma ya ua."

Ndiyo maana nimesimama hapa, kwa kuwa wengi wenu mlikuwa kwenye foleni ile. Mikono yake ilikuwa safi. Yangu ndiyo iliyoharibu.

Nawashukuru ninyi mlioendelea kuniuzia maziwa bila maswali. Naishukuru familia ya Silibwet iliyomaliza posa yake kwa chai na bado ikanisalimia. Namshukuru mume wangu aliyekataa kusikiliza mashtaka dhidi ya dada yake. Na mwenye ndoto ya kubuni kitu, nina neno moja kwake: kazi ikiharibika, chunguza kwanza mahali mkono wako ulipopita. Kushuku ni rahisi, ila hakuzibi tundu.

Kibuyu hiki nimekileta leo. Shanga zimerudi kwenye mkanda wa ngozi, kibuyu hakijatobolewa. Kifuniko hakina uzi. Tazameni, naonja wa kwanza.

Ni mazuri.

Kikombe cha pili nimekimimina, na nakiweka hapa mezani. Mwenyewe anajijua, ameketi pale nyuma. Akija kukinywa, nitafurahi. Akikiacha, sitajiuliza ana nini nami.