Tulimpigia Makofi Mtoto Asiyeelewa Anachosoma

Wazee wangu, shikamooni. Nyie wengine, mwangaluka. Nimeomba kusimama baada ya ibada kwa sababu nina hasira, na hasira hiyo naanza nayo kwangu mwenyewe.

Mnanijua. Mimi ndiye msomaji wenu hapa kanisani, na barua za vijana wenu walioko machimboni Geita mnaniletea mimi nizisome. Basi binti yangu alipofika darasa la tatu akawa anasoma Kiswahili kwa kasi bila kukwama, nikavimba kichwa. Wageni wakija namwita, "Hebu chukua kitabu." Anasoma, wanapiga makofi, nami najiona bwana mkubwa.

Ndugu zangu, nawaambia, hakuna hata mmoja wetu aliyemwuliza amesoma nini. Nyumbani kwetu ni Kisukuma tangu kunakucha. Kiswahili chake kilikuwa cha kitabu na fimbo ya mwalimu: ukikwama unachapwa, ukitiririka unakaa chini salama. Alichojifunza ni kutiririka.

Ukaja mtihani wa darasa la nne. Mkaguzi alimfungulia kitabu chake cha shule kwenye hadithi ya majirani wawili waliogombea ghala, akaisoma yote vizuri. Kisha mkaguzi akafunga kitabu.

"Haya, ugomvi wao uliishaje?"

Mtoto kimya. Akaulizwa tena, kimya. Akaanguka mtihani. Na mwalimu yule yule aliyekuwa akimsifu kwangu tangu darasa la kwanza akaniambia akili ya mtoto wa kike imefika mwisho, nimtafutie mume. Jamani, unamsifu mtoto miaka yote hiyo, halafu unamtupa kwa siku moja?

Lakini na mimi nilifanya nini? Nilimchapa. Nikamwita mvivu, nikamwambia asiguse kitabu tena. Washenga walipobisha hodi wiki ile, nikawakaribisha.

Siku moja tulikuwa tunachambua pamba, nyeupe huku, fifi ile chafu kule. Mke wangu, ambaye hajakaa darasani hata siku moja, akaniwekea kile kitabu cha shule mapajani.

"Haya, msomaji. Nisomee hadithi iliyomwangusha mwanao."

Nikaisoma kwa sauti yangu ya Jumapili. Akakichukua, akakifunga.

"Sasa niambie kwa Kisukuma."

Ndugu zangu, sikuweza. Majirani niliwajua, ghala nililijua. Lakini kinyongo ni nini? Suluhu ni nini? Nilikuwa nimeyatamka vizuri kabisa na sikuyajua. Binti yangu alikuwa pale pale anachambua, hakuinua macho.

Mke wangu akasema, "Kumbe fimbo ilikosea mtu."

Washenga niliwarudisha walikotoka. Nikaenda kwa mwalimu, tukabishana mpaka akakubali mtoto arudie mwaka. Tangu hapo, kila tulipokaa kwenye pamba, binti alisoma sentensi mbili tatu, akafunga kitabu, akamweleza mama yake kwa Kisukuma. Mama asiporidhika anamwuliza, "Huyo alikasirika kwa nini? Ungekuwa wewe ungefanyaje?" Kila neno lililotushinda, mtoto aliweka pembeni kipande cha fifi. Jioni anakwenda na vipande vyake kwa jirani yetu, mama wa Kiislamu aliyetoka Tabora, ambaye Kiswahili amezaliwa nacho. Mama yule hakumpa maana tu akamwacha aende. Alimtaka alitumie neno lile hapo hapo, kwa kuomba chumvi, kwa kumlalamikia mbuzi, kwa lolote lile, mpaka limkae mdomoni.

Kwenye mtihani wa pili mkaguzi alifunga tena kitabu. Binti akaieleza hadithi, na alipofika kwenye neno asilolijua, akasema halijui, akamwuliza mkaguzi maana yake. Leo yuko darasa la sita, anakaa bwenini.

Namshukuru mke wangu mbele yenu. Namshukuru jirani yetu, aliyemfundisha mtoto asiye wa kabila lake wala wa dini yake bila kutaka kitu. Na nyie mliokuwa mkipiga makofi kwangu, mkifika nyumbani leo fungeni kitabu, mwulizeni mtoto kimesema nini. Akinyamaza, msimguse. Mwelezeni, na msipojua, mtafuteni anayejua.

Nilimwomba binti yangu radhi mbele ya mama yake. Akanijibu, "Yameisha, baba." Kwake yameisha. Kwangu mimi bado.