Gari la Kijivu la Vahan

Kitendawili, wajukuu: halina dereva, hugongwa kila siku, na kesho yake liko barabarani. Hamjui? Ofelia, mama mmoja abiria, naye hakujua, siku aliyoketi na Vahan kwenye basi la Los Angeles, akaona kitambulisho cha kazi shingoni mwa kijana huyo. "Mhandisi wa barabara, mbona unapanda basi? Au unazijua mno barabara ulizozitengeneza?"

Vahan alilikwepa swali. "Mama, ile njia mpya ya magari yenye watu wawili au zaidi tumeijaribu kwenye kompyuta mara mia. Foleni inapungua, lakini gari moja la kijivu hugongwa pale pale, penye njia ya kutokea. Tumebadilisha kila kitu, bado hugongwa."

"Na kesho mnaifungua! Binti yangu atapita humo na watoto. Tena hujanijibu, mwanangu."

Basi likasimama. Vahan akainuka. "Gari langu ni la kijivu, mama."