Kadi ya Donatus Jilala Nkwabi, 1931–1978

Marehemu Donatus Jilala Nkwabi alizaliwa Ushirombo tarehe 14 Machi 1931, mtoto wa tatu wa Mzee Nkwabi na Mama Eufrasia. Alisoma hapohapo hadi darasa la sita, akaacha mwaka 1946 ng'ombe wa karo walipokufa kwa ukame.

Mwaka 1958 alijiunga na chama cha akiba cha Nguvukazi, Ushirombo, kwa jina la Jilala. Alibatizwa Donatus Pasaka ya 1961, na Juni mwaka huo akafunga ndoa na Mektilda. Walijaliwa Anisia na Kamili.

Mwaka 1964 aliajiriwa karani wa chama cha akiba cha Tujikomboe, hapa Kahama. Siku hizo mwanachama akihama, hisa zake zilimfuata baada ya miezi sita, kama barua hazikupotea. Mama mmoja, Limi, aliyehamia kutoka Maganzo, alifika mara tatu kuulizia zake.

"Kitabu kinasema Serafina," Donatus alimwambia.

"Serafina wa kanisani, Limi wa nyumbani. Mnataka niwalete wote wawili?"

Donatus alicheka hadi akavua miwani. Kisha akabuni kadi yenye majina yote ya mwanachama na alama ya dole gumba, ikisafiri kila Alhamisi kwenye mfuko wa basi. Miezi sita ikawa siku tisa. Kanuni yake ilikuwa moja: majina yasipolingana, hisa hazihami.

Mei mwaka huu alipata uvimbe kooni. Daktari alitaka apasuliwe Mwanza kabla Juni haijaisha. Ng'ombe walikuwa wameshauzwa. Zilibaki hisa za Ushirombo. Akatuma kadi zihamishiwe Kahama, ikarudi. Yeye aliyejaza kadi za watu wote, kwenye yake aliandika Donatus pekee, na kitabu cha Ushirombo kilisema Jilala.

"Mpigie simu Tarsisi, karani wa Ushirombo, si wewe uliyemfundisha kazi?" Mektilda alimsihi, amepiga magoti.

"Nikipindisha kwangu, Mama Anisia, Limi nitamwambia nini?"

Aliomba hati ya kiapo kwamba Jilala na Donatus ni mtu mmoja, akasubiri mashahidi. Juni ikapita. Julai sauti ilikatika, akawa anaandika kwenye karatasi neno moja, "Alhamisi?", na mkewe akijibu, "Bado." Alifariki Jumatano, tarehe 9 Agosti 1978, saa kumi jioni, mkono wake ukiwa mkononi mwa Mektilda.

Mfuko ulifika jana. Hisa zimehama, majina yote mawili yameandikwa vizuri.

Ameacha mama mzazi, mjane na watoto wawili. Mungu ampokee Baba Anisia kwa jina lolote atakalomwita, ampe pumziko lisilo na kusubiri.